DENI LA SIKU ZA SHIDA



Kila ijapo hatari, iwe vita, njaa au maradhi, mfanya kazi ndiye wa kwanza kuambiwa: "Jifunge kibwebwe." Sisi hatukatai. Swali letu ni hili: kibwebwe kitafunguliwa lini, na nani mwingine amejifunga?

Tutazame Urusi. Juni 26, 1940, kabla Wajerumani hawajaingia, Serikali ya huko ilitoa amri: kazi iwe saa 8 kwa siku, na mtu asiache kazi bila idhini. Vita vilipowafikia Juni 1941, viwanda zaidi ya 1,500 viling'olewa, mashine zikapakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa mashariki. Wanawake na vijana wakashika kazi za waliokwenda vitani. Mjini Leningrad, uliozingirwa tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, kulikuwa na majuma ambayo mfanya kazi wa kiwandani alipata gramu 250 za mkate kwa siku, na mtoto gramu 125. Watu kama milioni 27 wa nchi ile walikufa. Wakashinda. Lakini amri ile ya kumfunga mtu na kazi yake haikufutwa mpaka 1956, miaka 11 baada ya ushindi!

Sasa turudi kwetu. Aprili 1942 Wajapani walipoipiga Ceylon, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini. Bandari ikajaa meli, mji ukajaa watu, kodi za vyumba zikapanda. Nani alipakua shehena ile? Ni makuli, wengi wao wakilala wamebanana kama dagaa. Mwaka huo huo Serikali ya Kikoloni ikatunga sheria ya kuwachukua Waafrika kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya masetla, na ukame ukaleta njaa na uhaba wa mahindi. Oktoba 1942 wafanya kazi wa reli wa Mombasa waligoma kwa sababu mshahara haukulingana na bei ya vitu. Na Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini na askari wetu wa Afrika ya Mashariki, ilizamishwa na Wajapani. Watu karibu 1,300 walikufa.

Vita vikaisha 1945. Je, shukrani ilikuja? Wahenga wamesema mchumia juani hulia kivulini. Sisi tulichumia juani, kivulini wakakaa wengine. Ndipo Januari 13, 1947, watu kama 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumba wakaacha kazi, na mji ukasimama hadi tarehe 25. Baraza la Thacker likaongeza mishahara. Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers' Federation, alikamatwa Agosti mwaka ule akahamishiwa Baringo. Basi nyongeza ile haikuwa zawadi ya ushindi. Ilidaiwa, na ikalipiwa.

Wako watakaosema kwamba saa ya hatari si saa ya kudai. Kweli, moto ukiwaka hatuanzi kuhesabu ndoo. Lakini kuandika jina la mwenye ndoo hakuzuii kuzima moto. Mwaka 2020, korona ilipofunga mahoteli ya pwani, wengi walirudishwa nyumbani bila mshahara, wakiwa na ahadi za mdomo tu. Ahadi ya mdomo haina pa kushikwa.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mfanya kazi akiombwa kupunguziwa mshahara au kuongezewa saa kwa ajili ya shida ya nchi, yaandikwe, na siku ya mwisho itajwe. Pili, tajiri naye aonyeshe hesabu ya alichopunguza yeye. Tatu, kila tawi, Changamwe, Likoni na Kisauni, liwaendee wazee na watoto wa makuli wa zamani, liandike wanayoyakumbuka kabla hayajapotea.

Warusi walivumilia, na baba zetu walivumilia. Uvumilivu ni sifa njema, ila usio na hesabu huwa mtaji wa mwingine. Ndugu, lijadilini jambo hili tawini kwenu sasa kungali shwari. Shida ikishafika, hakuna atakayekupa kalamu.

Umoja ni nguvu.