Kumwangalia Mgonjwa wa Akili Si Kumlinda Kama Mfungwa



Mara nyingi mgonjwa wa akili aliyezidiwa huletwa hospitali amefungwa kamba mikononi, akiwa na ndugu saba au wanane. Ukiuliza, "Nani anamwangalia?" wote hujibu, "Sisi." Jibu hilo hunitia hofu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama: kila mmoja hudhani mwenzake anatazama, na mgonjwa hutoka nje bila kuonekana.

Kwa maoni yangu, mgonjwa huyo anahitaji mtu mmoja kwa wakati mmoja, anayejulikana kwa jina, aliye karibu kiasi cha kumgusa. Asikae zaidi ya saa mbili, maana macho huchoka. Anayempokea aambiwe: mgonjwa amekula nini, amelala kiasi gani, amesema nini, dawa ameimeza au ameificha shavuni. Ndivyo tunavyokabidhiana zamu wodini, na nyumbani yawezekana vilevile.

Lakini kutazama tu hakutoshi. Hata askari hutazama. Mwangalizi mwema huketi, huongea kwa upole, wala habishani na mgonjwa juu ya sauti anazozisikia. Mgonjwa akiwa na huzuni nzito, aulizwe wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa amepata wa kumwambia. Akikubali, asiachwe peke yake hata chooni, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Huku kwetu Mbeya tunalima viazi, mahindi na kahawa, na katika nyumba nyingi dawa ya kuulia wadudu huwekwa uvunguni mwa kitanda. Itolewe, ikafungiwe kwa jirani. Kamba, visu, nyembe na vidonge navyo viondolewe.

Tuangalie na mwili. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, hasa mwenye homa, huenda ana malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka. Huyo awahishwe hospitali mara moja. Msingoje mpaka ipatikane nauli ya kwenda Mirembe, Dodoma. Anzeni na hospitali iliyo karibu. Na aliyechomwa sindano ya kutuliza atazamwe anavyopumua, hata kama amelala kimya.

Wapo watakaouliza: "Sista, akiwa anapiga watu tufanyeje bila kamba?" Ni swali la haki. Waondoeni watoto na kila kitu cha kuumizia, waiteni watu wachache watulivu. Ikibidi kumshika, ashikwe kwa mikono, kwa muda mfupi, bila kumkaba shingo wala kumlalia kifuani. Kamba huumiza, huzidisha hofu, tena huwapa ndugu kisingizio cha kwenda zao.

Mwisho, tusilegee mgonjwa anapotulia. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari. Familia yenye watu wachache iombe jumuiya ndogondogo isaidie kupanga zamu. Tumezoea kupeana zamu za kulala msibani. Tupeane na zamu za kukaa na mgonjwa angali hai.