Goti la kijana si mali ya timu

Wadau, leo sina utani. Jana alasiri nilipita Michenzani nikamkuta kijana mmoja wa mtaani kwetu amekaa barazani, mguu kaunyoosha juu ya kiti, anawatazama wenzake wakienda mazoezini. Ana miaka 16. Mwezi wa nne huu hajagusa mpira.

Wiki aliyoumia alicheza mechi tano. Jumatatu na Jumatano skuli, Alkhamis timu yake ya vijana, Jumamosi ndondo, Jumapili akaazimwa na timu ya wakubwa iliyopungukiwa mtu. Goti lilianza kuuma tangu Jumatano. Kocha akampa vidonge vya maumivu na kumwambia akaze, yeye mwanamme.

Na mimi niliyekuwepo uwanjani na kalamu yangu niliandika nini? Nilimwita "kijana wa chuma". Mama yake aliikata ile habari akaibandika ukutani. Ipo mpaka leo, na kila nikiingia pale naona haya.

Chuma gani? Mfupa wa kijana hurefuka kutoka sehemu laini iliyo karibu na kiungo. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na kila akipiga shuti au akiruka, misuli ya paja inavuta pale chini ya goti. Akipumzishwa, panapona. Akirudishwa kila siku, anaumia juu ya kidonda cha jana.

Wazee wa barza watanijibu: mbona sisi tulicheza kutwa na hatukufa? Wazee wangu, shikamooni. Nyinyi mlicheza chandimu, mtu akichoka anakaa kivulini. Hakuna aliyeweka kombe na zawadi juu ya goti lako. Na wengine wenu mnapanda ngazi za Michenzani kwa kushika ukuta.

Tuwatazame Wajapani. Wao wana wazimu wa besiboli kama sisi na mpira. Mchezo huo wameuleta mpaka skuli za Dar es Salaam. Mashindano yao ya sekondari, Koshien, yanafuatwa nchi nzima. Mwaka 2018 mrushaji mmoja, Kosei Yoshida, alirusha mipira 881 katika mechi sita. Walimshangilia sana, halafu wakaanza kuulizana: tunamfanya nini mtoto huyu? Wakabishana kweli kweli, na kuanzia 2020 ikawekwa kanuni kwamba mrushaji wa sekondari asizidishe mipira 500 ndani ya wiki. Kwa Wamarekani hiyo bado ni mingi. Mwongozo wao wa 2014 unasema kijana wa miaka 15 au 16 asipite mipira 95 kwa siku, na unataja hadi siku za kupumzika baada ya hapo.

Sisi tunahesabu magoli tu. Hata miaka hatuhesabu! Mwaka 2018 timu yetu ya chini ya miaka 17 iliondoshwa kwenye mashindano ya CECAFA kule Burundi kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Tulijadili aibu, tukajadili adhabu. Nani alimjadili mtoto wa miaka 15 wa kweli, anayegongana kila wiki na mtu mzima aliyepunguza miaka?

Najua hoja nzito ni ipi. Kijana mwenyewe ndiye anayetaka. Kamuona Feisal Salum akitoka JKU mpaka Yanga, kaiona Mlandege ikiifunga Simba na kubeba Kombe la Mapinduzi 2024, na nyumbani hakuna kitu. Akikataa mechi moja anaogopa nafasi itachukuliwa na mwengine. Ni kweli. Ndiyo maana hawezi kuachiwa aamue peke yake. Ana miaka 16! Kazi ya mtu mzima ni kusema basi pale mtoto asipoweza.

Dawa yake haihitaji mfadhili. ZFF na Wizara wampe kila mchezaji chini ya miaka 18 daftari moja, la skuli na la klabu ni hilo hilo. Kila mechi iandikwe na mwamuzi asaini. Mechi mbili kwa wiki, basi. Asiye na daftari hachezi, na timu inayomchezesha kwa siri inyang'anywe pointi. Vidonge vya maumivu ampe daktari.

Amaan imejengwa upya na inapendeza, na Tanzania ni mwenyeji mwenza wa AFCON 2027. Lakini uwanja haukimbii wenyewe. Wanaokimbia ni hawa tunaowamaliza Kwahani na Kikwajuni kabla hawajaota ndevu.

Kwa upande wangu, neno "chuma" silitumii tena kwa mtoto. Nikienda uwanjani siku hizi, kabla sijauliza nani kafunga, nauliza: huyu jana alicheza wapi?