Bibi Zetu Waliugua

Jumapili iliyopita nilikuwa nafua uani, huku Buhongwa, Mwanza, na spika ya kanisa la jirani imeelekezwa kwetu kama ilivyo siku zote. Mhubiri alikuwa kwenye somo la ndoa. Akafika mahali akasema sonona ni ugonjwa wa wanawake waliosoma. Wameutoa kwenye simu na kwenye vitabu vya Wazungu, akasema, na ushahidi ni bibi zetu: walilima, walizaa watoto kumi, walipigwa wakanyamaza, na hakuna aliyewahi kusikia bibi ana sonona. Waumini wakashangilia. Katika zile amina nilizosikia, nyingi zilikuwa za wanawake, na hapo ndipo nilipoacha nguo kwenye beseni.

Maneno haya nimeyachoka. Nimeyasikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, na mara moja kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe la hospitali. Anayeyasema huwa hajawahi kumuuliza bibi yeyote chochote.

Bibi yangu mzaa mama aliolewa Magu. Alizaa wasichana watano mfululizo, na kwa kila msichana alipata kipigo chake. Baada ya yule wa tano akaanza kukosa usingizi. Mama yangu, ambaye ndiye kifungua mimba, anakumbuka alivyokuwa anamkuta jikoni gizani anasugua sufuria kwa mchanga, sufuria hiyo hiyo moja, mpaka jogoo anawika, na ukimwita hageuki. Usiku mmoja walimfuata ziwani wakamkuta amekaa majini, maji yamemfika kifuani, kitenge kinaelea pembeni. Ukoo ukakaa kikao ukaamua ana mashetani. Mbuzi wakachinjwa, mganga akalipwa, na baadaye akaitwa mtu wa maombi. Miaka ikapita hivyo. Kisha babu akafariki. Matanga yakaisha, bibi akaanza biashara ya mpunga, akawa analala usiku kucha, na mpaka anaingia kaburini akiwa mzee hakuamka tena kusugua sufuria. Sasa naomba nielezwe na huyo mhubiri, na ule ukoo umsaidie: ni shetani gani huyo aliyezikwa pamoja na babu?

Hili ndilo swali langu, na sina lingine. Mwanamke akivunjika moyo mpaka akili ikayumba, uliza kwanza anaishi na nani na anatendewa nini. Mengine yafuate baadaye.

Tena bibi alibahatika. Huku Usukumani vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walivyotumia kuzipikia familia hizo hizo kwa miaka hamsini? Akiwa kijana akilia, ana pepo. Akizeeka macho yakawa mekundu, ni mchawi. Aliyemfikisha hapo hatajwi popote.

Turudi kwenye hao Wazungu wa mhubiri. Mwaka 1885 huko Marekani mwandishi Charlotte Perkins Gilman alijifungua binti, akaanguka kwenye huzuni isiyokwisha. Mwaka 1887 akapelekwa kwa daktari mashuhuri wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell. Dawa aliyopewa ilikuwa hii: rudi nyumbani, kaa na mume na mtoto, punguza kusoma, na kalamu usiiguse tena maisha yako yote. Alitii kwa miezi michache, akakaribia kurukwa na akili kabisa. Akaiacha dawa, akaachana na mume, akaanza tena kuandika. Mwaka 1892 akachapisha hadithi fupi, The Yellow Wallpaper, ya mwanamke aliyewekwa na mumewe, daktari, kwenye chumba cha juu chenye nondo madirishani, eti apumzike. Haruhusiwi kuandika. Anabaki kuitazama karatasi ya manjano ya ukutani mpaka anaanza kumwona mwanamke mwingine amefungwa nyuma ya michoro yake. Kwa hiyo kama kuna kitu cha Wazungu katika jambo hili, ni yale mahubiri. Daktari Mzungu, mwanamume, ndiye aliyesema kwamba mwanamke anaugua kwa sababu ya vitabu na atapona akinyamaza. Kilichotoka kwenye spika ya Buhongwa ni maneno yake, yamechelewa zaidi ya karne moja.

Na kama Marekani ni mbali, ziwa letu lenyewe limeandikwa. Grace Ogot alizaliwa Asembo, upande wa Kenya, akasomea uuguzi Uganda na Uingereza kabla hajawa mwandishi. Huyo alikuwa amekaa kando ya vitanda vya wanawake. Mwaka 1968 ulitoka mkusanyiko wake wa hadithi fupi, Land Without Thunder, na ndani yake imo hadithi ya Elizabeth, msichana wa ofisini anayebakwa na bosi wake, anapata mimba, anakosa pa kuipeleka aibu ambayo si yake, anajiua. Imo pia hadithi ya Oganda, binti wa chifu anayepelekwa ziwani awe kafara ili mvua inyeshe, na kijiji kinaimba. Miaka mitatu baadaye Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo, Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Hiyo ni riwaya, na ameiandika mwanamume, lakini kilio ni kile kile. Zakaria mlevi anampiga mkewe Regina, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na yule binti anatoka kwenye nyumba ile akiwa amejaa woga tu. Mnajua mwisho wake. Rosa anajiua. Na serikali ikafanya nini? Ikakipiga marufuku kitabu mashuleni. Zakaria alikuwa amejaa kila kijiji, hakuna aliyempiga marufuku.

Siku hizi marufuku haihitajiki. Zunguka maduka ya vitabu ya katikati ya mji wa Mwanza: utaonyeshwa madaftari, mitihani iliyopita, na vitabu vya kukufundisha kutajirika. Jiji lenye ukubwa huu, lililoko kando ya ziwa lililomzaa Kezilahabi, na mtoto wa sekondari hajui kwamba Ukerewe iliwahi kuandikwa.

Mwaka ule ule ilipotoka Rosa Mistika, 1971, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kimekaa pale zaidi ya miaka hamsini. Mhubiri anayesimama madhabahuni kusifu wanawake waliopigwa wakanyamaza anasifu uvunjaji wa sheria ya nchi.

Wapo watakaoniambia: mbona wanawake wengi wanapigwa na hawachanganyikiwi? Hii ndiyo hoja yao kubwa, nimeisikia ikitolewa na watu wazima wenye shahada. Kila mtu hapa Mwanza anaumwa na mbu, na si kila mtu amelala wodini na malaria. Hatujasema malaria imeletwa na vitabu. Hatujamsifu mbu.

Kuna kisa cha huku huku ziwani ambacho dunia nzima inakikumbuka kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya wamisionari kijijini Kashasha, mkoani Kagera ya leo, walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi walikuwa wamefika 95 kati ya wanafunzi 159. Wengine walishikwa kwa saa chache, wengine kwa siku 16. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakuona sumu wala maambukizi. Lakini waliandika jambo moja ambalo kwangu linamaliza ubishi: walimu hawakushikwa, hata mmoja. Majengo ni yale yale, hewa ni ile ile. Waliokuwa wanaamuru walikuwa wazima. Waliougua ni waliokuwa wanaamriwa, na walikuwa wasichana. Watu wamebaki kusimulia vicheko, kile kilio kimeachwa.

Wasichana bado wanaanguka mashuleni, na bado tunasoma kwamba wamekumbwa na mapepo. Wakianguka tena, mwalimu mkuu asikimbilie kumpigia simu mchungaji. Atafute muuguzi mwanamke ambaye hao watoto hawamwogopi, ampe chumba chenye mlango unaofungwa, na muuguzi aulize mmoja mmoja: usiku bwenini anaingia nani? Likizo unalala chumba kimoja na nani? Nani anakupiga? Nani ameleta posa nyumbani? Majibu yaandikwe, yapelekwe dawati la jinsia na watoto pale polisi yakiwa na jina la kila mwanamume aliyetajwa, hata kama ni mchungaji, hata kama ni mwalimu mkuu mwenyewe.