Mwaka wa Kwanza wa Nani?
Wiki hii nilimkuta mpwa wangu akicheza mchezo wa kompyuta wa Civilization: skrini ikaonyesha mwaka 4000 KK, akabofya mara moja, mji ukasimama. Nikamuuliza, kabla ya hapo watu walikuwa wapi? "Mjomba, mchezo ulikuwa haujaanza!" Haya. Kumbe wale wa Çatalhöyük, Uturuki, waliobanana nyumba kwa nyumba na kuingia ndani kwa ngazi kupitia paani, takriban miaka 3,000 kabla ya tarehe hiyo, walikuwa wanajipasha moto tu! Mchezo mwingine, Humankind wa mwaka 2021, angalau humwacha mchezaji ahamehame kwanza, akiwinda na kuchuma. Mshika kalamu hujichagulia mwanzo. Mchezo unaoanzia mjini umeshaamua kwamba mwindaji na mfugaji hawana historia, na huo ni upofu.