Kipimo kitangulie posa

BARAZANI MABELA
Na Zuwena Khamis

Tangu Januari 2026, Mwomani anayetaka kuoa au kuolewa hana budi kupimwa afya kwanza. Kwa miaka mingi kipimo hiki kilikuwa hiari. Mimi naiunga mkono sheria hii, ila naona kipimo bado kinachelewa.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kwa watoto wa Oman miaka ya 1990 ulionyesha kuwa takriban 6 katika kila 100 wamebeba jeni ya selimundu, na 2 jeni ya thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi. Aliyebeba ni mzima, huenda asijue kitu maisha yake yote. Lakini wawili waliobeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Na sisi wenye asili ya Unguja na Pemba tusikae pembeni: katika selimundu ya Oman imo aina ya Arabuni na India, na zimo aina zilizotoka Afrika. Tumerithi kote kuwili, kisha tunaoana mtoto wa ami na mtoto wa ami.

Mtoto mwenye thalasemia kubwa hutiwa damu kila baada ya wiki chache, maisha yake yote, na juu yake dawa za kutoa chuma kinachomjaa mwilini. Ukilinganisha na kichupa kimoja cha damu ya kupimia, hesabu ya riali haina mjadala.

Wapo wanaouliza: si mimba itapimwa? Itapimwa, lakini jibu likiwa baya mama afanye nini? Sheria yetu imebana sana utoaji mimba. Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1990 liliruhusu kabla ya siku 120, kwa kasoro kubwa isiyotibika iliyothibitishwa na madaktari. Siku hizo ni chache, na mzigo wote unamwangukia mwanamke.

Saudi Arabia ilianza kulazimisha kipimo mwaka 2004. Mwaka huo, katika wachumba ambao damu zao hazikuelewana, kama 9 katika 100 tu ndio walioachana. Kufika 2009 walikuwa 52. Ni mafanikio makubwa, lakini karibu nusu walioana vilevile. Baadhi walieleza kwamba harusi ilikwisha pangwa na waliogopa maneno ya watu. Nani asiyewaelewa? Ukumbi umelipiwa, kadi zimefika hadi Dubai na Zanzibar, ndipo karatasi ya maabara inakuja. Posa ikivunjika hapo, mtaa hautauliza habari ya jeni. Utauliza binti ana kasoro gani.

Bahrain ilipata njia nyingine. Mwaka wa masomo 1998/99 ilipima wanafunzi zaidi ya 5,600 wa sekondari, kabla hawajachumbia wala kuchumbiwa. Kijana akijua mapema, hafungiwi ndoa: anatafuta asiyebeba, basi.

Wizara ya Afya na ya Elimu zifanye hivyo hapa, kuanzia skuli zetu za Mabela. Majibu apewe kijana na wazazi wake tu, kwa siri, pamoja na mtu wa kuwaelewesha. Na sisi wazee, posa ikibisha hodi, tuulize habari ya damu kabla ya kutaja mahari.