Tulipwe kwanza, tingatinga baadaye

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maneno hayo nayaelekeza kwa jirani zangu wa Magarama, na kwa wafanyabiashara wanaopita hapa Gitega wakienda na kutoka mpaka wa Kobero.

Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, kila mwenye nyumba kando ya barabara anajua kuwa siku ya upanuzi itafika. Mimi siipingi barabara. Aliyewahi kuvusha mzigo mpakani wakati wa masika anajua hasara ya njia mbovu. Ninachopinga ni kumbomolea mtu nyumba kwanza, kisha kumwambia asubiri.

Tuwatazame wenzetu wa Nairobi. Mtaani Kibera, wakazi walipinga barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, hata wakaenda mahakamani. Julai 2018 waliandikishwa, wakaahidiwa mpango wa kuhamishwa. Siku chache baadaye, Jumatatu tarehe 23, tingatinga ziliingia alfajiri kabla ya mpango huo. Watu wapatao 30,000 walikosa makazi. Shule nazo zilibomolewa, muhula ukiendelea. Sisi walimu tunajua kuwa mtoto aliyetawanywa namna hiyo harudi darasani kwa urahisi.

Dar es Salaam nako, mwaka 2017, nyumba zaidi ya elfu moja za Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kupanua barabara ya Morogoro. Serikali ilisema zimo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati kila upande, kwa hiyo hakuna fidia. Wapo waliokuwa wameishi hapo miaka mingi.

Kwetu, ibara ya 36 ya Katiba inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayotangulia. Neno hilo "inayotangulia" ndilo la kushikilia.

Lakini sisi tuliorudi tuna udhaifu wetu. Wazazi wetu walikimbia mwaka 1972 bila karatasi yoyote, tukasomea Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tuliporudi, wengi tulinunua viwanja kwa hati ya mkono na mashahidi wawili. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyokuwa ikisikiliza kesi zetu, ilimaliza muda wake mwaka 2022. Mpimaji akifika, ataulizia hati.

Basi ndugu zangu, tusisubiri alama nyekundu ukutani. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 inaruhusu huduma ya ardhi ya komini kutoa cheti. Twende tukaombe sasa, tukiwa na mashahidi wetu wangali hai.

Kwa viongozi, ombi letu ni dogo. Kabla ya mradi wowote, ramani ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa, ionyeshe mwisho wa hifadhi ya barabara. Wapangaji na akina mama wenye vibanda wahesabiwe pia, maana nao wanapoteza riziki. Fidia ilipwe, watoto wapate shule ya kuhamia, ndipo mitambo iwashwe. Mkifanya hivyo, wa kwanza kuishangilia barabara tutakuwa sisi wenyewe.