Mshauri Rika na Adabu ya Hadhira

Mwanafunzi aliyefiwa, aliyekosa karo au aliyelemewa na maisha, aghalabu haendi kwanza kwa mtaalamu. Huenda kwa mwenzake wa bwenini. Ndiyo maana vyuo huwaandaa washauri rika, na miongoni mwao wamo wanafunzi wa Kiswahili. Kuhusu sisi nina hofu moja: tuna maneno mengi mno.

Mtu akisema, "Nimechoka," twamtupia "Baada ya dhiki faraja." Akiendelea, twamwongezea "Subira huvuta heri." Methali hizo hazina kosa ila zimeletwa kabla ya wakati wake. Methali ina tabia ya kufunga mjadala; aitoaye huwa na neno la mwisho. Iweje basi aliyekuja kufungua moyo afungiwe mlango kwa lugha tamu? Ataitika "Asante," aende zake na mzigo wake, pengine umezidi uzito kwa kuwa sasa anadhani hana subira.

Carl Rogers na Richard Farson, walioandika kuhusu usikilizaji amilifu mwaka wa 1957, walimtaka msikilizaji ajaribu kuuona ulimwengu kwa macho ya msemaji, kisha amrudishie alichoelewa ili asahihishwe. Wanaodai kwamba hilo ni jambo geni kwetu wameisahau hadhira ya ngano. Fanani akisema "Paukwa!", hadhira huitika "Pakawa!" Huguna, hushangaa, huuliza, "Enhe, ikawaje?" Haimpokonyi fanani hadithi yake. Linganisha swali hilo na "Kwa nini hukufanya hivi?", ambalo lanuka mahakama.

Kuna pia suala la msamiati. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka wa 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambapo akina nyanya waliopewa mafunzo huwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hutumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliopitia mpango huo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nasi mtu akisema "nimelemewa," tusikimbilie "sonona," istilahi nzuri ya darasani. Tubaki na neno lake. Tumuulize ni nini kinachomlemea, na tangu lini.

Ila yapo mafumbo yasiyofaa kuachwa yalivyo. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Si ajabu watu walijifunza kusema "nataka kupumzika" tu. Hapo mshauri rika aulize waziwazi: "Je, unawaza kujitoa uhai?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Akikubali, asiahidiwe siri wala asiachwe peke yake. Afikishwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Miongozo ya mafunzo niliyoiona imeandikwa kwa Kiingereza. Chama chetu kina watu wa isimu, wa fasihi na wa tafsiri. Muhula ujao tungeketi na ofisi ya ushauri nasaha, tukaandaa maswali ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe ametoka Lamu au Lodwar, atayaelewa bila kamusi.